Bodi ya faiba haina kutu, ila gari linayo: kufufua Corvette ya zamani nyumbani

Tangazo la Corvette, gari la michezo la General Motors ya Marekani, ya miaka ya 1970 halikosi maneno haya: bodi ni ya faiba, haishiki kutu. Mnunuzi anagonga boneti kwa vidole, anasikia mlio wa plastiki, anaridhika, analipa. Gari likishapandishwa kwenye stendi huko nyumbani, bisibisi inatoboa chasisi na kutokea upande wa pili. Muuzaji hakudanganya. Bodi haikuwa na kutu hata chembe. Kutu ilikuwa chini yake, na nyingine ilikuwa ndani yake, mahali ambapo jicho halifiki mpaka vifuniko vifunguliwe.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu wanaliona gari hili kama kitu kimoja. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaharibika na kutengenezwa kwa namna yake.

Cha kwanza ni bodi. Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikwa na rezini, yaani gundi ya majimaji inayoganda ikichanganywa na hadina. Ni kama ukuta wa fito na udongo: fito zinauzuia ukuta usikatike, udongo unazishika fito na kuupa ukuta umbo. Udongo ukizidi, ukuta unapasuka; fito zikiwa nyingi na udongo haukuzifikia, ukuta unabomoka. Karibu kila kiraka kibovu cha faiba kina mojawapo ya kasoro hizo mbili.

Cha pili ni chasisi, fremu nzito ya chuma inayobeba injini, giaboksi, saspensheni na bodi yote. Cha tatu ndicho kinachosahaulika: mifupa ya chuma iliyofichwa ndani ya bodi, inayozunguka kioo cha mbele, nguzo za milango na kushuka hadi miguuni mwa dereva na abiria. Wamarekani wanaiita birdcage, yaani kizimba cha kufugia ndege, nasi tutaiita kizimba. Milango inaning'inia hapo, na kioo kinakaa hapo. Kizimba kikioza, bodi inabaki na sura nzuri lakini haina kitu cha kushikilia.

Corvette ya kwanza ilitoka kiwandani Flint, Michigan, tarehe 30 Juni 1953. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu, yote meupe. General Motors walichagua faiba kwa hesabu ya kawaida: mashine za kukandamiza bati la chuma zinahitaji kalibu ghali zinazochukua muda mrefu kutengenezwa, na hakuna aliyejua gari hilo lingeuzwa kwa kiasi gani. Tunayoizungumzia hapa ni ya kizazi cha tatu, C3, ya mwaka 1968 hadi 1982. Zilitoka zaidi ya 500,000, vipuri vyake bado vinatengenezwa, na ndiyo inayoishia kwenye gereji nyingi za nyumbani huko Marekani. Wanaodhani kwamba ni gari jepesi kwa kuwa bodi yake ni "plastiki" wajue kwamba C3 ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Uzito umejaa kwenye chuma.

Kwa hiyo ukaguzi unaanza kwenye chuma. Lala chini ya gari, chukua nyundo ndogo, gonga chasisi mbele ya matairi ya nyuma, pale inapopinda kupanda juu. Chuma kizima kinalia wazi. Kilichooza kinatoa sauti butu, na magamba yanadondoka. Pande zote mbili za mpindo huo hunasa matope na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na mkono wa saspensheni ya nyuma umeshikiliwa hapo hapo. Kisha panda juu, ondoa urembo wa chuma unaozunguka kioo cha mbele, uangalie pembe mbili za chini. Gundi ya kioo ikichoka, maji yanaingia pembeni, yanateremka ndani ya nguzo ya mlango na kutuama karibu na miguu. Fungua vifuniko vya pembeni mwa miguu, umulike kwa tochi. Ukiona unga wa kahawia na mabamba yaliyovimba, kizimba kimeanza kuliwa. Dalili nyingine ni mlango unaohitaji kunyanyuliwa ndipo ufunge, na zulia lisilokauka.

Kizimba kinatengenezeka, vipande vipya vinauzwa. Kazi ngumu ni kukifikia. Faiba imegundishwa na kupigwa ribiti juu ya chuma hicho, kwa hiyo unatoboa ribiti, unaachanisha gundi taratibu kwa patasi pana na joto kidogo, ndipo unachomelea. Moto wa kuchomelea ukiigusa faiba, rezini inaungua na nyuzi zinabaki tupu. Kama kuoza kumefika juu ya dashibodi na nguzo zote mbili, tafuta gari jingine. Rangi na injini ya gari hilo haziwezi kufidia saa zitakazoteketea.

Chasisi ikihitaji kazi kubwa, bodi lazima inyanyuliwe. Inatisha kuisikia kuliko kuifanya. C3 imefungwa kwenye chasisi kwa sehemu nane, nne kila upande. Kila sehemu inaweza kuwa na vibati vyembamba vya kusawazisha, na idadi yake hailingani: mahali pengine viwili, pengine vitano, pengine hakuna. Andika idadi ya kila sehemu kabla ya kulegeza bolti hata moja, na piga picha. Vibati hivyo ndivyo vilivyoifanya milango ya kiwandani ikae sawa. Ukivichanganya, utahangaika na nafasi za milango hadi uchoke, kisha utaisingizia faiba.

Kabla ya kunyanyua, achanisha shafti ya usukani, waya za injini, mabomba ya breki na mafuta, kebo ya breki ya mkono, mabomba ya hita na bampa zote. Kitu kimoja kikisahaulika, bodi itapasuka pale kilipo. Inyanyue kwa kushika sehemu za kufungia zenye chuma, kamwe usiipitishie mkanda chini ya madigadi. Na kama ni ya kufunua paa, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia uwazi wa milango; bila paa, bodi hujikunja katikati ikiwa hewani.

Sasa faiba yenyewe, na hapa lazima ujue mwaka wa gari. Hadi 1972 vipande vya bodi vilikuwa vya nyuzi na rezini ya poliesta iliyokandamizwa kwenye kalibu. Kuanzia 1973 vilitengenezwa kwa mchanganyiko mwingine uliochanganywa kabla na kukandamizwa kwa joto: nyuzi fupi, unga mwingi wa kujazia, na ndani yake dawa ya kuzuia kipande kisinate kwenye kalibu. Dawa hiyo haiondoki kwa kufuta, kwa sababu iko ndani ya kipande chenyewe. Ndiyo maana kiraka cha rezini ya kawaida ya poliesta kinaishika bodi ya 1970 vizuri, lakini kwenye bodi ya 1976 kinaweza kubanduka kizima baada ya misimu michache. Kwa magari ya 1973 na kuendelea tumia rezini ya epoksi, au gundi maalumu ya sehemu mbili iliyotengenezwa kwa bodi za aina hiyo.

Kuna mtego hapo. Mkeka wa faiba, ule wa nyuzi zilizotawanywa ovyo, unashikiliwa na unga au gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta. Kwenye epoksi gundi hiyo haiyeyuki, nyuzi hazilowi vizuri, na kiraka kinabaki na mabaka meupe makavu. Ukitumia epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Chukulia ufa kwenye madigadi ya gari la 1971. Kwanza tafuta uliotoka wapi. Ufa wa faiba una sababu: bolti iliyolegea, mpira wa kufungia mlango uliopotea, bampa iliyogongwa miaka 20 iliyopita. Usipoiondoa sababu, ufa utarudi. Saga rangi yote kuuzunguka, hata pale panapoonekana pazima, maana nyufa ndogo huenda mbali kuliko zinavyoonekana.

Kama unaweza kufika kwa ndani, anza ndani. Kwaruza kwa msasa namba 36 hadi 50, futa kwa asetoni, acha ikauke, weka tabaka mbili za mkeka. Zikishaganda, rudi nje ufungue ufa kwa umbo la V pana. Bodi ina unene wa milimita 2.5 hadi 3. Mteremko wa V uwe mara 12 ya unene huo, yaani karibu sentimita 3 kila upande wa ufa. Watu wengi hufungua mfereji wa sentimita moja, wanaujaza pati, wanapaka rangi. Pati haina nyuzi. Inakaa majira ya baridi, jua la kiangazi linaitanua bodi, na ufa unajichora upya palepale.

Mkeka unaotumika sana ni wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na tabaka moja likiganda lina unene wa karibu milimita moja. Kiraka cha sentimita 20 kwa 20 chenye tabaka tatu kinahitaji gramu 54 za mkeka. Rezini iwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito huo, gramu 110 hadi 135, na hadina asilimia 1.5, yaani gramu 2 hivi. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, usikadirie kwa jicho. Hadina ikipungua, rezini inabaki laini kwa siku nyingi. Ikizidi, inachemka, inakuwa tete na kupasuka. Nyuzijoto 18 hadi 25 zinafaa, na una dakika 10 hadi 20 kabla mchanganyiko haujaanza kuwa kama jeli. Usichanganye nusu lita kwa mara moja: rezini nyingi ndani ya kopo moja hujipasha moto hadi itoe moshi.

Paka rezini kwanza, laza kipande kikubwa cha mkeka, kisha cha kati, kisha kidogo. Mpangilio huu una sababu: ukija kusaga kusawazisha, unakata vipande vidogo vya juu, na kile kikubwa kilichoshika bodi kwa upana kinabaki kizima. Toa mapovu kwa rola ndogo yenye mifereji. Povu lililobaki ni kitundu kitakachofunguka siku unapiga msasa wa mwisho.

Mafundi wa boti za faiba, wa Dar es Salaam au Mombasa kwa mfano, wanajua jambo ambalo mafundi wengi wa magari hulikosea: rezini nyingine ina nta. Nta inapanda juu wakati wa kuganda ili uso usinate. Tabaka la pili juu ya nta hiyo halishiki mpaka uifute na kuikwaruza. Kwa kuongeza tabaka, tumia rezini isiyo na nta; ya nta iwe ya mwisho.

Kiraka cha poliesta kinaendelea kusinyaa taratibu baada ya kuonekana kimekauka. Kiache wiki kadhaa, au kipashe kwa taa ya joto, kabla ya kukisawazisha mara ya mwisho. Anayepaka rangi kesho yake ataona mipaka ya kiraka chake jua likipiga ubavuni mwa gari.

Kuhusu mwili wako: hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima, na maji ya kuoshea yawe karibu. Usiichanganye kamwe na asetoni. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rezini. Unahitaji yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Vumbi la kusaga linawasha ngozi, basi vaa mikono mirefu na oga kwa maji baridi kwanza.

Kuondoa rangi ya zamani ndiko kunakoharibu bodi nyingi zilizokuwa nzima. Kupuliza mchanga kunakula rezini na kuacha nyuzi wazi. Dawa ya kawaida ya kubandua rangi ya chuma inailainisha rezini. Tumia tu ile iliyoandikwa kwamba inafaa faiba, na uisafishe kabisa, maana mabaki yake hujificha kwenye vitundu na kutokea miezi baadaye kama malengelenge. Njia ya pole pole ni wembe: bledi mpya, zimezungushwa kona ili zisichimbe, zikishikwa kwa ulalo mdogo. Rangi ya kiwanda ya C3 nyingi ni laka iliyopigwa tabaka nyingi, na huchubuka vipande vipande. Inachosha mikono, lakini haichimbi.

Utasikia ushauri wa "piga msasa mpaka ufikie tabaka laini la juu la faiba", lile linalong'aa kwenye boti. Corvette haikutoka kiwandani na tabaka hilo. Anayelitafuta ataendelea kusaga hadi aufikie upande wa pili. Ukiondoa rangi na praima, simama. Kama nyuzi zimeonekana, zifunike kwa praima nzito ya poliesta, piga msasa namba 80 kisha 180 kwa kibao kirefu, halafu praima ya epoksi. Usitumie msasa wa maji kwenye faiba tupu: inanyonya maji, na maji hayo yatatafuta njia ya kutoka chini ya rangi yako. Bampa laini za kuanzia 1973 mbele na 1974 nyuma si faiba, ni mpira wa yurethini, na rangi yake inahitaji kiungo cha kuifanya inyumbuke.

Umeme unawashangaza watu kwa sababu rahisi. Kwenye gari la bati, bodi yenyewe ni waya wa kurudisha umeme kwenye betri. Faiba haipitishi umeme, basi kila taa inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chuma. Ethi moja ikishika kutu, umeme unatafuta njia kupitia taa nyingine: unakanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali. Kabla ya kununua swichi au waya mpya, safisha kila ncha ya ethi mpaka chuma king'ae, pamoja na mkanda unaounganisha injini na chasisi. Vifuniko vya chuma juu ya plagi na waya zake navyo si urembo. Bodi haizuii mawimbi ya cheche, na bila vifuniko hivyo redio inanguruma pamoja na injini.

Taa za mbele zinazoinuka kwa mvuto wa hewa ya injini ni suala la mabomba ya mpira yaliyopasuka, mara nyingi tu. Yakague moja moja kwa pampu ya mkono.

Breki zinahitaji uvumilivu zaidi. C3 ina diski magurudumu yote manne, na kila kalipa, yaani kifaa kinachobana diski, ina pistoni nne. Mafuta ya breki ya DOT 3 hunyonya unyevu, silinda za kalipa zinaliwa na kutu, na mafuta yanaanza kuvuja. Dawa yake ni kalipa ambazo silinda zake zimewekewa bomba la ndani la chuma cha pua. Lakini kuna tatizo linalorudi hata kwa kalipa mpya: pedali inalainika baada ya siku chache, na hakuna tone lililovuja. Chanzo ni diski inayoyumba. Kiwandani diski ilipigwa ribiti kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na vikakerezwa pamoja. Mtu akitoboa ribiti na kuchomeka diski mpya bila kupima, diski inayumba, pistoni zinasukumwa nje ndani, na sili za midomo zinavuta hewa. Pima myumbo huo kwa saa ya fundi ya kupimia (dial gauge). Ikizidi milimita 0.13, sahihisha kwa vibati vya mteremko au ikakerezwe ikiwa kwenye habu yake. Kutoa hewa tena na tena hakutasaidia.

Kuhusu kubadilisha gari, amua kabla ya kutoboa tundu la kwanza. Kama injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani na namba zake zinalingana na za gari, ihifadhi hata ukifunga nyingine; wakusanyaji, ikiwemo National Corvette Restorers Society, chama cha wanaofufua Corvette kilichoanzishwa 1974, wanatazama hilo kabla ya rangi. Chochote unachofunga kwenye faiba kwa bolti kiwekee washa pana pande zote mbili, kwa kuwa faiba haiwezi kubeba mzigo wa kichwa kidogo cha bolti. Madigadi mapana yagundishwe, yasifungwe kwa skrubu. Mabomba ya moshi ya ubavuni yaachiwe nafasi na kuwekewa kinga ya joto.

Badiliko lenye faida ya haraka ni springi ya nyuma. Ile ya vipande vingi vya chuma ina kilo kama 19. Kuanzia 1981 kiwanda kilianza kufunga kwenye baadhi ya magari springi moja ya faiba yenye kilo kama 4, na zinazofanana nayo zinafungika kwenye C3 za miaka ya kabla ya hapo.

Nguvu za injini ziongezwe mwisho, na kabla yake malizia upozaji. C3, hasa za bampa laini, huvuta hewa ya rejeta kutoka chini ya pua. Kibao cha mpira chini ya bampa kinailazimisha hewa ipande, na sponji zinazozunguka rejeta zinaizuia isipite pembeni. Baada ya miaka 50 kibao kimevunjika na sponji zimekuwa unga. Mwenye gari ananunua rejeta kubwa ya aluminiamu, feni mbili za umeme, na mshale wa joto bado unapanda akiwa barabara kuu. Gari linalochemka kwenye foleni lina tatizo la feni au maji. Linalochemka likiwa kilomita 100 kwa saa, angalia kibao na sponji kwanza.